Mbuzi wa Kukunia Nazi na Vistari vya Mama

"Baba, Bibi alimkalia mbuzi?"

Mwanangu alikuwa na miaka 9. Amesimama mlangoni na simu yangu mkononi, macho yamemtoka. Alikuwa akisoma barua ya bibi yake kutoka Tanga, ile ya kupika wali wa nazi, na Mama ameandika hivi: "Kaa juu ya mbuzi, kuna nazi mbili, usifike kwenye kifuu." Kwa mtoto aliyezaliwa Leicester mbuzi ni mmoja tu, yule mwenye ndevu na miguu minne. "Kuna" nayo ni ya kuna mvua, kuna shule kesho. Basi alichokiona yeye ni mnyama amekaliwa, na pembeni yake nazi mbili zimetulia.

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Nilicheka pia, ila usiku usingizi ulichelewa. Ile barua, kwangu mimi, haikuwa na neno gumu hata moja.

Baba alipofariki, dada yangu aliyeko Muscat ndiye aliyemwomba Mama aandike. Chochote tu: mapishi, majina ya jamaa, alivyolelewa. Mama alifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka 30, kuandika hakumpi tabu. Anaandika kwenye simu, ananitumia kwa barua pepe, nami naziweka barua hizo kwenye tovuti ndogo ya familia yenye neno la siri. Wakati huo zilikuwa 19. Nikaanza kuhesabu maneno ambayo wanangu na wapwa zangu wasingeyajua: kifumbu, chicha, upawa, kawa, mafiga. Nilipofika mia moja nikaacha.

Nilitaka kitu kidogo. Neno liwe na maana yake karibu, bila kuijaza barua ya Mama maelezo kila mstari.

Tovuti yenyewe naiandika kwa Markdown. Kwa wasioijua, hiyo ni namna ya kuandika iliyotolewa mwaka 2004 na Mmarekani John Gruber, akisaidiwa na Aaron Swartz. Watu walikuwa tayari wana alama zao kwenye barua pepe: neno la kutilia mkazo wanalizungushia nyota, orodha wanaianza kwa vistari. Gruber akazichukua alama hizo hizo, akaandika programu ya kuzigeuza kuwa HTML, lugha ambayo vivinjari vya intaneti vinaielewa. Uzuri wake ni kwamba hata kabla ya kugeuzwa, barua inasomeka kama barua.

Programu inayosoma na kugeuza huitwa kichanganuzi. Vipo vingi. Mimi natumia Python-Markdown, kwa sababu Python ndiyo niliyojifunza kazini kwa ajili ya mahesabu. Kichanganuzi hakisomi mara moja kikamaliza. Kwanza kinapita mistari yote. Kisha kinagawa maandishi katika vipande: hiki kichwa cha habari, hii aya, hii orodha. Ndipo kinaingia ndani ya kila kipande kutafuta alama ndogo ndogo, nyota na mabano na viungo, halafu kinakusanya yote na kutoa ukurasa. Katika kila hatua wenyewe wameacha mlango. Ukitaka alama yako mwenyewe, unaandika programu-jalizi, unaisajili kwa jina na kwa namba ya kipaumbele, na zamu yake ikifika itaitwa. Namba kubwa hutangulia.

Alama niliyoibuni ilikuwa hii: mabano mawili ya mraba, neno, mstari wima, maana, mabano mawili ya kufunga.

Kaa juu ya [[mbuzi|kibao chenye chuma cha kukunia nazi]].

Msomaji angeona neno mbuzi likiwa na vinukta chini yake. Akisogeza kishale juu ya neno, maana inachomoza. Niliiandika jioni mbili, mistari haikufika 30. Nikaijaribu kwa sentensi nne tano, zote zikakubali, nikamwita binti yangu aje aone baba yake alivyo fundi. Kisha nikamtumia Mama maelekezo. Yeye ni mwalimu, aliyafuata kama mtaala. Aliniuliza tu mabano ya namna hiyo yanakaa wapi kwenye simu, nami nikamwelekeza: bonyeza penye namba, kisha bonyeza tena penye alama, mstari wima nao uko huko huko ndani. Hakulalamika. Mama halalamiki, na hilo ningepaswa kulitilia maanani.

Miezi miwili baadaye dada alinipigia usiku. Hakusalimia.

"Mdogo wangu, umefuta nini kwenye barua ya Mama?"

Nikamwambia sijafuta kitu.

"Basi soma ile ya ng'onda."

Nikaisoma palepale kwenye simu. Aya ya tatu ilianza, "Mwezi wake wa mwisho baba yenu aliniomba," halafu neno ng'onda, halafu nukta. Basi. Aya iliyofuata ilikuwa ya bei ya nazi.

Dada akanieleza kwamba Mama aliiona siku ileile nilipoiweka, akakaa nayo wiki nzima kimya. Mwisho ndipo alipomwambia yeye: "Mwanangu ameona aibu kwa nililomfanyia baba yake. Ana haki. Lakini angeniambia."

Nilifungua kompyuta mikono ikitetemeka. Faili aliyoituma Mama ilikuwa nzima, sikuwa nimegusa hata nukta. Nikafungua ukurasa wa tovuti, nikasogeza kishale juu ya neno ng'onda, na hapo kijisanduku kirefu kikafunguka, kimejaa maneno ya Mama.

Sitayaandika yote hapa. Daktari alikuwa amemkataza Baba chumvi. Ng'onda, kwa watoto wetu wasiomjua, ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani. Bila chumvi si ng'onda. Baba hakuwa akila kitu tena, na akaomba hicho. Mama akaloweka samaki usiku kucha, akamwaga maji mara tatu, akapika kwa tui zito. Baba alikula matonge mawili, akacheka. Alifariki siku nane baadaye. Miaka minne Mama hakumwambia mtu. Siku alipoamua kutuambia, programu yangu ikaichukua habari yote na kuisokomeza ndani ya maana ya neno moja.

Kosa lilikuwa hapa. Ili kichanganuzi kiitambue alama yako, unakipa ruwaza, yaani sura ya kitu unachotaka kitafutwe. Yangu ilikuwa hivi:

\[\[(.+)\]\]

Nukta na jumlisha zile maana yake ni herufi yoyote, moja au zaidi, na tabia yake ni ya pupa. Inameza kadiri inavyoweza, kisha ndiyo inarudi nyuma kutafuta mabano ya kufunga. Aya ikiwa na neno moja lenye alama, hakuna tatizo. Mama aliweka mawili: ng'onda mwanzoni, na kawa mwishoni, pale alipofunika kilichobaki. Ruwaza yangu ikafungua mdomo kwenye ng'onda ikaufunga kwenye kawa. Mstari wima wa kwanza ukatenganisha neno na maana, na vyote vilivyofuata vikahesabiwa kuwa maana. Kwenye simu hakuna kishale cha kusogeza, kwa hiyo Mama na dada hawakuwa na njia yoyote ya kuona kilichofichwa. Na majaribio yangu, yale ya fundi, yote yalikuwa na neno moja kwa kila aya.

Ukiongeza alama ya kuuliza baada ya jumlisha, pupa inapungua. Nilidhani nimemaliza. Lakini nilipopekua barua nyingine nikakuta Mama amefunga kwa bano moja badala ya mawili, na hapo hata ruwaza isiyo na pupa ingeendelea kumeza mpaka ikutane na mabano ya neno la mbele. Dawa hasa ni kuikataza isivuke bano lolote: mahali pa .+ unaweka [^\[\]]+. Wanafunzi mnaosoma hapa, andikeni hivyo tangu siku ya kwanza.

Asubuhi nilimpigia Mama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikamweleza. Alinisikiliza bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mwanafunzi anayejieleza kwa nini hakuleta daftari.

"Kwa hiyo mashine ndiyo iliyoficha."

"Ni mimi, Mama. Mashine ilifanya nilivyoiambia."

Kimya. "Na wewe umeisoma?"

"Nimeisoma."

"Unasemaje?"

Nikamwambia kwamba Baba alikuwa na haki ya kula ng'onda wake, na kwamba nashukuru alipikiwa na mtu anayejua kupika. Alilia kidogo. Nami huku nilikuwa hivyo hivyo. Kisha akapenga kamasi na kuuliza, kwa sauti ya mwalimu sasa, kama hayo mabano ni ya lazima.

"Maneno magumu hayafundishwi hivyo, mwanangu. Unaandika habari. Unapiga mstari chini ya neno. Mwisho wa habari unaandika Maneno Magumu, nukta mbili, unayaorodhesha na maana zake. Watoto wamesoma hivyo miaka yote."

Ni kweli. Vitabu vyote vya Kiswahili nilivyosoma shuleni vilikuwa hivyo: habari, msamiati, maswali. Nilikuwa nimembunia mwalimu alama mpya ilhali anayo yake, na kazi ya alama hiyo anaijua kuliko mimi.

Hata hivyo sikumsikiliza vizuri. Nilichukua nusu ya pili tu, orodha ya mwisho, nikajiambia kwamba mstari chini ya neno si lazima: programu itasoma orodha, kisha itatafuta maneno hayo yenyewe ndani ya habari. Kwa Kiingereza hilo hufanya kazi vizuri, na programu-jalizi za namna hiyo zipo tayari kwa ajili ya vifupisho. Kiswahili kilinikatalia. Orodha inasema kukuna. Habari inasema ukune, nimekuna, zikishakunwa. Waliobuni alama hizi walizoea neno linalobadilika mkiani. Kwenye Wikipedia ukiandika [[bus]]es, mkia ulio nje ya mabano unaunganishwa na neno lake bila kuambiwa. Letu linabadilika kichwani, na mara nyingi kichwani na mkiani kwa pamoja. Nilianza hata kuwaza kuandika programu ya kung'oa viambishi. Nashukuru nilikuwa na zamu nyingi wiki ile.

Kisha ikaja barua ya Idi. Mama ameeleza walivyochinja, na kwenye tovuti ikatoka kwamba tulichinja kibao chenye chuma cha kukunia nazi. Mwanangu alifurahi kupita kiasi. Barua ya Idi haikuwa na neno mbuzi kwenye orodha yake hata kidogo. Maana ile ilivuja kutoka kwenye barua ya wali. Nilikuwa natumia kichanganuzi kimoja kwa barua zote, moja baada ya nyingine, na programu-jalizi yangu ilikuwa inakumbuka orodha za nyuma. Python-Markdown ina njia ya kusema "sahau", lakini lazima programu-jalizi ijiandikishe kwamba inataka kuambiwa, nawe ukumbuke kuiambia kabla ya kila barua. Mistari miwili mitatu. Iliponyamaza, bado nilijua kwamba siku Mama atakapoandika mbuzi wa jikoni na mbuzi wa zizini katika barua moja, programu haitaweza kuwatofautisha. Anayejua ni aliyeandika.

Basi nikarudi kwenye mstari chini ya neno.

Hapa Markdown ilinisaidia bila kukusudia. Gruber aliweka alama mbili kwa kazi moja: neno ukilizungushia nyota au vistari vya chini, matokeo ni yale yale, linalala mshazari. Kumbe moja ni ya ziada. Nyota nikaiacha ibaki na kazi yake ya mkazo. Vistari vya chini nikampa Mama. Tena wajukuu walishamfundisha kwenye kundi la familia kwamba WhatsApp ukiweka kistari hicho kila upande neno linalala, kwa hiyo alijua kinapokaa kwenye simu. Kwake kile kistari ni mstari wa chaki chini ya neno, hakuhitaji maelezo mengine.

Kaa juu ya _mbuzi_, _kuna_ nazi mbili, usifike kwenye _kifuu_.

Maneno Magumu:
mbuzi: kibao chenye chuma cha kukunia nazi
kuna: kutoka kukuna, kusugua nazi kwenye chuma
kifuu: ganda gumu la nazi

Ile "kutoka kukuna" ni ya Mama mwenyewe. Anaandika neno kama lilivyo ndani ya habari, kisha anataja asili yake, na tatizo lililokaribia kunifanya niandike programu ya viambishi likaisha kwa neno moja.

Upande wa programu, kazi iligawanyika mara mbili. Orodha inakusanywa mapema, katika hatua ile ya kwanza ya kupita mistari, ili maana ziwe mkononi kabla ya kuingia ndani ya aya. Vistari vinashughulikiwa baadaye, zamu ya alama ndogo ndogo. Namba ya kipaumbele ilinipa kazi kidogo. Mkazo wa kawaida uko kwenye 60 na 50, kwa hiyo yangu nikaiweka 65, itangulie tu. Kuipandisha juu zaidi kungeleta balaa, maana viungo viko 160, na anwani za tovuti zimejaa vistari vya chini. Ningejikuta natafuta maana ya vipande vya anwani. Kijisanduku cha kishale nikakitupa. Sasa neno likiguswa linakupeleka kwenye orodha chini, hata kwenye simu ya dada kule Muscat, na orodha ina kiungo cha kukurudisha ulipokuwa.

Na kuna sharti moja nililoliweka kabla ya mengine yote. Neno lenye mstari likikosa maana kwenye orodha, programu-jalizi haifichi, haikati, haibadilishi. Inaliacha lilivyo na mstari wake, na kuniandikia mimi pembeni: neno fulani, barua fulani, maana haijapatikana.

Neno la kwanza kuniandikia lilikuwa ng'onda. Nilikodoa macho. Kwenye habari lipo, kwenye orodha lipo, herufi zilezile. Kumbe hazikuwa zilezile. Ritifaa ya ng' ina sura zaidi ya moja ndani ya kompyuta: ile iliyonyooka, na ile iliyopinda ambayo simu huiweka yenyewe ikidhani unafunga nukuu. Mama aliandika habari kwenye simu yake na orodha kwenye simu ya jirani, betri ilikuwa imekwisha. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni alama mbili zisizojuana. Kwa Kiingereza ritifaa ni alama ya uandishi tu, na ruwaza nyingi haziihesabu kuwa sehemu ya neno. Kwetu ndiyo inayotenganisha ng'ombe na ngoma. Nikaongeza mstari mmoja: kabla ya kulinganisha, ritifaa zote zigeuzwe kuwa moja. Mkitengeneza chochote cha kutafuta maneno ya Kiswahili, wekeni mstari huo.

Barua ya ng'onda iko mahali pake sasa, aya yote. Dada alinitumia sauti ya wapwa zangu wakiisoma kwa kupokezana, na mdogo wao akikwama kwenye kawa, kimya kidogo, kisha anaendelea. Amegusa neno, ameenda chini, amerudi.

Wiki iliyopita nilipata tena onyo. Barua mpya, Mama anaeleza walivyokuwa wakila sinia moja watoto saba, na amepiga mstari chini ya neno _tonge_. Kwenye orodha halipo. Nikampigia kumwambia amelisahau.

"Sikulisahau. Hilo mwulize mwanao, aandike yeye."

Mwanangu sasa ana miaka 11. Anakula wali kwa kijiko siku zote isipokuwa Idi. Alikaa na simu muda, akainua mkono wake wa kulia, akaukunja vidole, akautazama. Kisha akaandika: "tonge: wali unaotosha kwenye mkono wa mtu mmoja."

Mama alijibu baada ya swala ya adhuhuri. "Vyema. Taja na wingi wake."